Nilivyoipata kuvu inayonasa minyoo ya mbuzi

Mbuzi wetu wa kwanza kufa alikuwa yule mweupe tuliyemtegemea kwa maziwa. Siku mbili kabla, Mama alimfunua kope la chini la jicho akakuta ndani peupe kama karatasi, na chini ya taya palining'inia uvimbe laini wa maji. Na hapo alikuwa amenyweshwa dawa ya minyoo mwezi uleule. "Mwanangu, hii minyoo imeshaizoea dawa," aliniambia kwenye simu. Nilisomea mifugo nikajua ana haki ya kusema hivyo. Kijijini watu wananunua aina ileile mwaka nenda mwaka rudi, wanakadiria uzito wa mnyama kwa macho, na wengi wanampa pungufu ili chupa ifike mbali. Minyoo inayosalimika ndiyo inayozaa.

Kwetu ni Mgeta, milima ya Uluguru, ambako mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway waliletwa miaka ya 1980. Wanafugwa kwenye banda la mbao lililoinuliwa, wanakatiwa majani, na samadi inayodondoka chini inapelekwa kwenye matuta ya kabichi. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni Morogoro, natafuta mada ya utafiti, na mada ikawa imekuja yenyewe kwa simu ya Mama.

Adui mwenyewe anaitwa Haemonchus contortus. Anakaa kwenye tumbo la nne la mbuzi akinyonya damu, na jike mmoja anataga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa humohumo, na kukiwa na joto na unyevu, baada ya wiki moja hivi lava, yaani minyoo wachanga, wanakuwa tayari kupanda kwenye majani yenye umande wakisubiri kuliwa. Dawa inapambana na walioko tumboni. Mimi nilitaka kujua nani anapambana na hawa walioko kwenye samadi.

Jibu lipo udongoni, na linajulikana tangu zamani. Mwaka 1888 Mjerumani Wilhelm Zopf alieleza jinsi kuvu iitwayo Arthrobotrys oligospora inavyonasa minyoo midogo hai. Shida ya kwetu ni kwamba ukitaja fangasi, mtu anafikiria vidole vya miguu vinavyowasha. Mama naye aliuliza, "Sasa unataka kuwalisha mbuzi wangu ugonjwa?" Nilimweleza kwamba hii haina habari na mbuzi, inachotaka ni minyoo tu.

Nilichukua udongo sehemu tatu: chini ya banda, kwenye lundo la samadi iliyooza, na ukingoni mwa kijito penye kivuli. Maabara nilijaza sahani ndogo za vioo agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, ya maji matupu, bila sukari wala chakula kingine, kwa sababu ukiweka chakula ukungu wa kawaida unatawala sahani nzima. Unanyunyiza udongo kidogo juu yake, unaongeza lava kama chambo, unasubiri. Awamu ya kwanza iliharibika yote. Utitiri walitembea kutoka sahani moja kwenda nyingine wakisambaza ukungu kwa miguu yao, ukitazama kwenye hadubini unaona kabisa njia waliyopita. Wiki tatu zikapotea. Awamu ya pili nilifunga kila sahani pembeni kwa utepe na kuipanga ndani ya boksi safi.

Siku ya 12, sahani ya udongo wa lundo la samadi, niliona lava mmoja anajirusha kwa nguvu lakini haendi popote. Niliongeza ukuzaji. Katikati ya mwili wake palikuwa na vitanzi vya uzi mwembamba vilivyosukwa kama jarife, vimemgandisha. Kadiri alivyojinyonga ndivyo alivyogusa vitanzi vingine akazidi kunata. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nazima taa. Asubuhi lava alikuwa kimya, nyuzi zimetoboa ngozi na kujaa ndani yake kama pamba kwenye mto. Pembeni kulikuwa na vijiti vilivyosimama, juu yake mbegu za vyumba viwili zenye umbo la peasi, zimekusanyika kama kishada cha zabibu. Msimamizi wangu aliinama akatazama, akasema neno moja: "Arthrobotrys." Nilimpigia Mama simu saa hiyohiyo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kuikuza kwenye mtama uliochemshwa na kuuawa vijidudu, kisha kuuchanganya na kinyesi kibichi chenye mayai. Makopo mengine niliweka mtama mtupu kwa kulinganisha. Siku kumi, nanyunyiza maji kidogo kila asubuhi, halafu kinyesi nakifunga kwenye kitambaa na kukining'iniza kwenye faneli yenye maji ya uvuguvugu ili lava washuke wenyewe. Tone la kopo lisilo na kuvu lilikuwa linachemka lava. Tone la kopo lenye kuvu, ilibidi niwatafute. Kopo moja tu lilinisaliti, na kosa ni langu: mtama niliuacha juujuu badala ya kuuchanganya mpaka chini.

Hata hivyo sijawalisha mbuzi. Kuvu niliyoipata haivumilii vizuri safari ya tumboni. Inayovumilia ni ndugu yake, Duddingtonia flagrans, ambayo ina mbegu za ukuta mnene zinazopita mpaka kwenye kinyesi zikiwa hai na kuanza kazi pale. Australia na Marekani zinauzwa tayari, mfugaji anachanganya na chakula. Hata hiyo haiui minyoo iliyokwisha kuingia, kwa hiyo mbuzi aliyepauka kope bado anahitaji dawa inayofanya kazi.

Kilichobadilika nyumbani kimebadilika kwa sababu ya kujua lava wako wapi. Mama alikuwa anaweka samadi mbichi kwenye matuta ya kabichi, halafu alfajiri, umande haujakauka, anakata majani ya kingo za matuta hayohayo kuwapa mbuzi. Sasa samadi inaozeshwa kwanza kwenye lundo, majani anakata jua likishapanda, na kila Jumamosi anawafunua kope mmoja mmoja. Dawa anapewa yule tu aliyepauka.

Juzi dereva wa gari la Mgeta alinikabidhi kopo la maziwa la zamani lililofungwa kwa kitambaa. Ndani udongo mweusi, na karatasi yenye mwandiko wa Mama: "Huu wa chini ya banda la jirani. Mbuzi wake hawaumwi. Mtafute huyo ndugu yake." Nimeshanyunyiza sahani sita. Leo ni siku ya nne.