Mkwaju wa redioni

Leo mama kamtania shemeji yake, baba mdogo, kwa kumwita "Mkwaju", tukacheka mpaka chai ikamwagika. Wadogo zangu hawakuelewa. Mkwaju alikuwa dereva wa lori kwenye Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993. Kila kituo na mwanamke wake, mwishowe UKIMWI. Mkewe Tunu akamwacha, akaanzisha biashara yake.

Sisi watoto tulifukuzwa nje, tukasikilizia dirishani. Yakianza maneno ya kondomu baba anakohoa. Baba huyohuyo baadaye alimsindikiza mama kliniki ya uzazi wa mpango, kimyakimya.

Dodoma hawakurushiwa miaka miwili ya mwanzo, watafiti wa mchezo huo wapate pa kulinganisha na waliousikiliza. Wagogo poleni, mlikosa uhondo!