Mtazame tumbo kwanza: bukini wa Essex barazani Chwaka

Nimeshuka Unguja kwa likizo na simu imejaa picha za ndege. Barazani hapa Chwaka watu walitaka kuona majumba na magari ya Uingereza, mie nawaonesha matope ya Leigh-on-Sea, pwani ya Essex mashariki ya London, na bata bukini weusi. Kijana mmoja kaniuliza kama huko kazi zimeisha.

Ami yangu, mtega madema tangu ujana wake, ndiye aliyeitaka simu akaisogeza machoni. "Hawa wanakula nini?" Nikamwambia majani ya bahari, yale yanayobaki wazi maji yakikupwa. "Kumbe kama tasi," kasema, yaani samaki wetu anayekula majani hayohayo. Basi, toka hapo tukaelewana.

Bukini huyu, Branta bernicla, ni mdogo kuliko bukini wengi, umbo lake halimpiti sana bata wa kawaida. Kichwa, shingo na kifua ni cheusi tii, chini ya mkia mweupe pe, na kila upande wa shingo ana alama ndogo nyeupe. Wengi wakimfundisha mtu huanzia kwenye hiyo shingo. Mie naanzia tumboni, kwa sababu wako wa namna tatu, na tumbo ndilo linalokwambia katoka wapi.

Wa Essex tumbo lake ni kijivu cha giza, linakaribiana na mgongo, na ukiwa mbali hujui kifua kimeishia wapi. Huyo anazaliwa Siberia, pande za Taymyr. Wa pili tumbo lake limepauka na kifua cheusi kinakatika ghafla, kama kanzu iliyochovywa wino nusu. Hao ni wa Svalbard, Greenland na Kanada. Baridi ikiingia huwakuta Denmark, Lindisfarne kaskazini mwa Uingereza, na Ireland, hasa Strangford Lough. Wa tatu ni wa Alaska na mashariki ya Siberia, anayeteremka hadi Baja California kule Mexico. Tumbo jeusi, ubavu mweupe unaowaka, na ile alama ya shingo ni pana, inakutana mbele. Mara mojamoja mmoja wao hupotea akaingia katika kundi la Essex, na hapo wenye darubini hawalali.

Ami kaniuliza jua lilikuwa upande gani nilipopiga picha. Swali la mvuvi hilo. Jua la Januari kule liko chini, likimpiga ndege ubavuni hata kijivu huonekana cheupe. Dawa yake ni kungoja ageuke, kisha umlinganishe na wa pembeni yake. Na ukiona mistari myeupe bawani na shingo haina alama, usitafute nchi mpya: huyo ni kinda wa mwaka huu, bado anafuatana na wazazi. Kuna miaka makinda ni wachache mno. Kule Siberia panya waitwao lemingi wakipungua, mbweha huyageukia mayai na vifaranga.

Kilichomgusa zaidi ami ni habari ya miaka ya 1930. Ugonjwa uliyaua majani ya bahari katika pwani za Atlantiki, na bukini wakapungua vibaya. Baadaye walijifunza kupanda nchi kavu, wakala ngano changa na nyasi, hata za viwanja vya mpira, na wakulima wakaanza kunung'unika. Ami katazama ghuba. "Tasi hana shamba la ngano," kasema.

Kisha kauliza kama wanaliwa. Nikamwambia Uingereza sheria inakataza kuwapiga. Kanirudishia simu.

Mlioko London, wanakuja Oktoba, wanaondoka mwezi wa Machi. Pandeni treni Fenchurch Street mshuke Leigh-on-Sea, kisha kwa miguu hadi Two Tree Island. Nendeni maji yakijaa, ndipo wanaposogea karibu. Na vaeni soksi mbilimbili, upepo wa pale si wa kaskazi.