Mama niombee

Leo siku ya nne na bado sijatulia. Jumapili jioni nilimpigia mama kule Tukuyu kama kawaida, nikamuuliza ile hela imeingia, akasema imeingia mwanangu, nikamwambia nimeweka na ya kutolea, akasema nimeona, asante. Halafu akanyamaza. Mnaomjua mama mnajua akinyamaza hivo kuna neno linakuja. Akasema, "Zamani ukipiga ulikuwa unasema mama niombee. Siku hizi ukipiga unauliza imeingia?"

Basi, kaishia hapo, wala hakuwa na hasira, akaendelea na habari za msiba wa jirani. Mi ndo nimebaki nayo. Wiki hii baba Neema kathibitishwa kazini, fundi kamaliza geti na deni la kiwanja tumelimaliza, lakini kichwani mwangu ni imeingia, imeingia.

Mwanzoni niliumia kwa kweli. Jumatatu nzima kwenye daladala nilikuwa namjibu mama kimoyomoyo, hoja kwa hoja, kwamba fungu la kumi natoa, ibada sikosi, na hiyo hela anajua nimeihangaikiaje, sasa kosa langu nini? Jumanne vilevile, imeingia, na ile sauti yake ya upole.

Jana usiku nikanunua umeme wa luku wa elfu hamsini kwenye simu, nikaingiza namba, nikaendelea na mambo yangu. Hapo ndo nikakumbuka Rangi Tatu, tulikokuwa tumepanga zamani. Kile chumba kimoja, taa nyekundu ya mita ikianza kuwaka tunakaa kitandani wote watatu na Neema anafumba macho kwa nguvu anasema Yesu tupe umeme, ameni. Na kuna siku kweli mteja wa vitumbua aliyekuwa na deni langu alikuja kugonga usiku ule ule na elfu mbili yake mkononi, tukaimba! Tuliimba kwa elfu mbili. Jana elfu hamsini na hata asante sijasema.

Nikafungua 2 Nyakati 26, habari za mfalme Uzia, kaanza kutawala ana miaka 16, katawala miaka 52, kajenga minara, kachimba visima vingi, na Mungu ndo alikuwa anamsaidia, alipokwisha kuwa na nguvu ndo moyo ukapanda kiburi. Visima havikuwa kosa, nimelisoma hilo mara mbili mbili kwa sababu na mi nina tangi la lita 2000 hapo nje na sitaki kulionea aibu. Nikapiga magoti jikoni, nikakuta sina la kuomba. Nilikaa pale kimya nikaogopa, yani niliogopa kuliko zile siku mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita. Mwishowe nikaanza kumtajia vitu kimoja kimoja, maji, geti, hivi vigae vinavyoniumiza magoti, pumzi ya Neema ninayoisikia toka chumbani, yule aliyekuwa anabanwa kifua kila baridi, na kadiri ninavyotaja ndivyo moyo unavyokuwa mwepesi, nikaja kushtuka ni saa nane.

Asubuhi nikampigia. "Mama niombee."

"Kuna nini? Mnaumwa?"

"Hapana mama, tuko salama. Niombee hivi hivi tukiwa salama."

Hakujibu, akaanza kuomba pale pale kwa Kinyakyusa, haraka haraka, nasikia na kuni zinavyolia jikoni kwake. Nimelia hadi nimechelewa kazini na wala sijali.

Ila wakati wa kuagana ndo ananiambia ule mparachichi wa nyuma umelala upande wa nyumba, mizizi imeanza kuonekana, na mvua za huko ndo zimeshika kasi. Kaka anasema atakuja kuukata Jumamosi, na hiyo Jumamosi kaisema tangu mwezi uliopita. Chumba cha mama kiko upande ule ule. Nimemsihi alale sebuleni kwanza, kasema ataona.