Kishikwambi katika ofisi ya walimu wa lugha

Vishikwambi (yaani tableti) vilivyotumika Tanzania katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, sisi wa idara ya lugha tulimaliza karibu asubuhi nzima tukibishania jina kabla ya mtu yeyote kukiwasha. Mwenzangu mmoja alishikilia kwamba neno lenyewe ni gumu kuliko kifaa.

Hufikiriwa mara nyingi kwamba walimu wa lugha huiogopa kompyuta. Mimi sikuona hofu siku ile. Niliona watu wenye swali la haki: kifaa hiki kitanifaa nini mbele ya wanafunzi 70, ambao mwishowe watajibu mtihani wa Baraza la Mitihani kwa kalamu na karatasi? Anayefundisha insha, akijua kwamba mwandiko na nafasi za aya zitasomwa na msahihishaji mwenye kalamu nyekundu, ana sababu ya kusita kuwapeleka watoto kwenye kibodi. Isitoshe, katika shule nilizopitia, ufunguo wa chumba cha kompyuta hukaa kwa mwalimu wa sayansi, na wa Kiswahili huuomba kama mtu anayeazima jembe la jirani msimu wa kupanda.

Kero kubwa zaidi kwangu ni mstari mwekundu. Programu ya kuandikia isiyokijua Kiswahili hulipigia mstari neno kama «hatukuwaambia», ilhali ni sahihi kabisa. Ndani ya kitenzi hicho kimoja mna ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati uliopita na yambwa (wanaoambiwa), vyote vimeshikamana na mzizi, na kwa utaratibu huo mzizi mmoja huzaa maumbo mengi mno kuweza kuorodheshwa moja moja. Juhudi zimekuwapo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Lakini mwanafunzi wangu, alipoona sentensi niliyoichapa imejaa wekundu ukutani kupitia projekta, aliuliza kwa adabu kama nimekosea. Darasa zima lilinyamaza kusubiri jibu.

Kilichonibadilisha mimi ni kinasa sauti cha kishikwambi, kifaa duni kuliko vyote vilivyomo. Nilimrekodi binti wa kidato cha kwanza akisoma habari fupi, kisha nikamsikilizisha. Kwa miezi nilikuwa nikimsahihisha «r» na «l» bila mafanikio, naye akidhani namwonea. Safari hii alijisikia mwenyewe akisema amesahau karamu nyumbani, akacheka, akaomba nirudie mara tatu, kisha akaisoma aya yote upya polepole.

Wiki iliyofuata, yule mwenzangu aliyebishania jina alikuja kuniazima changu. Chake kilikuwa kabatini, hakijawahi kuchajiwa.