Kyria alipojitumia maua

Mwaka wa shule unaisha, na binti yangu alikuwa akitafuta maua ya kumpa mwalimu wake. Pesa ni zake mwenyewe, kwa hiyo anachagua kwa uchungu. Akafungua tovuti za maduka matatu ya hapa karibu, akazipanga sambamba, kisha akanigeuzia kompyuta.

"Mama, haya maduka ni ndugu?"

Majina mbalimbali, simu mbalimbali, lakini shada moja: mawaridi ya pinki, mayungiyungi meupe, chombo cha kioo cha mraba, utepe umefungwa upande wa kushoto. Hata tone la maji juu ya jani lilikuwa lilelile. Nilicheka, maana tone hilo, au pacha wake, nililitazama kila asubuhi nilipokuwa nikifanya kazi kwa Kyria, mama wa Kigiriki mwenye duka la maua.

Kyria si jina lake, ni "Bibi" kwa Kigiriki, ndivyo nilivyomwita. Ninaousema hapa ni mwaka 2013. Bado tuko Lowell, Massachusetts, mimi nafunga mashada na kufagia majani, yeye yuko kaunta na ule mkasi wake wa kijani asioruhusu mwingine aushike. Wateja wakisikia natoka Mombasa walikuwa wakinisifia mawaridi ya Kenya kana kwamba niliyapanda mimi. Nilikuwa naitikia tu. Ya Kenya mengi huenda Ulaya. Ya kwetu dukani yalishuka Miami kwa ndege kutoka Kolombia na Ekuado, na mimi shamba la waridi sikuwahi kuliona kwa macho.

Duka lilikuwa na tovuti, na tovuti ilibeba jina la duka, ambalo ni jina la baba mkwe wake Kyria. Lakini walioijenga, walioihifadhi na waliokaa na funguo zake ni wale wa oda, kampuni ya katikati inayopitisha oda kati ya duka na duka. Tuliwaita hivyo, na mimi nitawaacha na jina hilohilo.

Mpango wenyewe ni wa kale na mwanzoni ulikuwa mzuri. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani waliungana wakaanza kutumiana oda kwa telegrafu. Mtu yuko Lowell, mamake yuko Chicago. Duka la Lowell linapokea pesa, duka la Chicago linatengeneza shada na kulipeleka, halafu wanagawana. Telegrafu ikaja kuwa simu, simu ikawa kompyuta, na aliyekuwa tarishi wa katikati akaanza kuuza mashine, kisha vyombo vya kioo, kisha picha, mwisho tovuti. Hesabu ya kawaida ni hii: oda ya dola 80, aliyeipokea anabaki na asilimia 20, yaani dola 16. Wa katikati anachukua kama asilimia 7. Anayekata maua, anayechafua mikono na kuendesha gari kwenye theluji anapata dola 58 na senti kadhaa, na humo ndimo atoe maua, chombo, mafuta ya gari na mshahara wangu.

Siwezi kuikana tovuti ile: ilileta oda. Mtu yuko Texas, shangazi yake yuko Lowell, anabonyeza saa sita ya usiku, asubuhi karatasi tunaikuta kwenye mashine. Kyria hakuwa na muda wala kijana wa kumjengea ya kwake, na wale wa oda walimwambia kuanza ni bure. Ndani ya mkataba mlikuwa na ada ya kila mwezi na kijisehemu cha kila oda, lakini mwenye duka la maua akiletewa mkataba mwezi wa Februari, Valentine iko mlangoni, atausoma saa ngapi?

Shida ni kwamba dukani mlikuwa na vitu viwili visivyofanana. Dirishani mlikuwa na kazi ya Kyria, mashada marefu yasiyo na ulinganifu, matawi ya mzeituni yakichomoza pasipotarajiwa. Kwenye tovuti mlikuwa na katalogi. Mteja anakuja ananyoosha simu, anataka lile la utepe kushoto, na chombo chake lazima kiagizwe kwa wale wale, kwa katoni nzima. Katoni zilijaa hadi chooni. Na wiki ya Siku ya Akina Mama, tukiwa tumeshalemewa Ijumaa mchana, tovuti iliendelea kupokea oda za Jumamosi kwa furaha zake. Kuifunga ilibidi upige simu ukaombe, na simu wiki hiyo haipokelewi.

Kilichoniuma mimi ni kikuba, kile kishada kidogo cha asumini na mrehani wanachobandika wanawake wa pwani kifuani. Kulikuwa na harusi ya familia ya Kizanzibari huko Boston, mama wa bibi harusi anataka vikuba vya akina mama, na asumini haipatikani. Nikamwambia Kyria anifungulie boksi la stefanotisi, lile ua jeupe kama nta ambalo Wamarekani hulichomeka kwenye mashada ya maharusi. Asili yake Madagaska, jirani zetu, na ukifumba macho harufu yake inaikaribia asumini. Mrehani nikaupata kwa Wakambodia, ambao Lowell ni mji wao kuliko ulivyo wangu. Nikakaa usiku nikitunga kwa sindano na uzi, kama nilivyomwona nyanya yangu akitunga barazani. Asubuhi Kyria alikiokota kimoja, akakinusa, akasema kanisani kwao padri hunyunyiza maji ya baraka kwa mrehani. Akakibandika kifuani kwake, akauza maua nacho siku nzima. Waliokiona walikitaka. Jioni akanituma nikipige picha nzuri tukiweke kwenye tovuti.

Haikuwezekana. Kila kitu kwenye tovuti kilikuwa na namba ya katalogi, na kikuba hakina namba. Walitupa ukurasa mmoja wa pembeni wa kuweka picha zetu, usio na kitufe cha kununulia. Nadhani hapo ndipo alipochoka, ingawa mwenyewe alisema ni zile katoni.

Kuhama kwenyewe nakupitisha mbio. Mpwa wake akamjengea tovuti mpya, mkataba ukaisha, barua zikaandikwa. Ndipo tukaambiwa kwamba anwani ya zamani, ile yenye jina la baba mkwe, ile iliyopakwa rangi ubavuni mwa gari na kuchapwa kwenye sumaku za friji nusu ya mji, imesajiliwa kwa jina lao. Na katika mambo ya anwani za intaneti, aliyeandikwa kwenye usajili kuwa mwenyewe ndiye mwenye kauli. Hata msimbo wa kuihamishia kwingine hupewa yeye. Kyria alinunua anwani nyingine, akahakikisha jina lake limeandikwa, akauchapa ule ukurasa na kuutia kwenye jalada moja na hati ya nyumba.

Sasa, anwani ya zamani haikuzimwa. Ukiiandika ilikupeleka kwenye duka kubwa la wale wa oda, lenye picha zilezile, na juu kabisa maneno ya kukukaribisha ununue maua Lowell. Wateja wetu wa miaka mingi walinunua huko wakidhani wamenunua kwetu. Tulijua pale mzee mmoja alipopiga simu kulalamika kuhusu shada ambalo hatukulitengeneza. Kyria alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi, akakata. Kisha akavaa miwani, akakaa kwenye kompyuta, akaandika anwani yake ya zamani.

Alichagua lile la utepe kushoto. Dola 79.99, na juu yake ada ya huduma. Mahali pa kupeleka: hapahapa, kaunta. Jina la mpokeaji: lake. Sehemu ya ujumbe wa kadi aliandika kwa Kigiriki, kwa herufi zao, akijitakia miaka mingi.

Siku ya pili yake, saa nane hivi, gari jeupe likaegesha mbele. Akashuka kijana mwembamba, kofia kinyumenyume, shada mikononi. Akatazama namba ya mlango, akatazama karatasi, akatazama dirisha letu lililojaa maua toka chini hadi juu. Akarudi garini. Tukamwona anapiga simu. Akatoka tena, akaingia, kengele ya mlango ikalia, akasimama katikati ya ndoo za krisanthemumu akiwa amelikumbatia shada kama mtu aliyekuja na maji kisimani.

"Samahani," akasema, "nafikiri kuna makosa."

"Hakuna makosa," Kyria akasema. "Ni yangu. Lete."

Alimpa dola tano na biskuti mbili za ufuta, na kijana aliondoka bila kugeuka. Kyria akaliweka shada juu ya meza ya kazi, akalizungusha taratibu. Akaanza kulifungua. Waridi moja, mbili, anazilaza upande mmoja. Picha ilikuwa na mawaridi kumi na mawili; meza ilikuwa na tisa. Mayungiyungi mawili, bado yamefumba. Pengo limezibwa kwa karnesheni na majani mengi. Chombo kilikuwa si cha mraba. Mimi nikaanza kutukana, kwa Kiswahili ili nisimuudhi, na yeye akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa anapiga hesabu nyuma ya risiti.

"Kwa walichomlipa," akasema, "na mimi ningeweka tisa."

Kisha akafungua kadi. Mahali pa Kigiriki mlikuwa na mstari wa alama za kuuliza, moja kwa kila herufi, na nafasi kati ya neno na neno zikiwa zimetunzwa kwa adabu. Mashine yao haikuzijua zile herufi. Na mtu wa duka la ng'ambo ya mto, aliyelitengeneza shada hilo, alikaa akazinakili zote kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri, maana oda ni oda. Kyria alicheka hadi akavua miwani.

Alimpigia yule mwenzake palepale. Walikuwa hawajaongea tangu ugomvi wa maua ya mazishi fulani, jambo refu, na nilitarajia makelele. Waliongea karibu saa nzima. Nilisikia bei za vyombo, nilisikia theluji, nilisikia mume wa nani amelazwa. Kabla ya kuagana wakakubaliana kwamba oda za upande ule wa mto atamtumia yule, za upande huu zitakuja kwetu, kwa simu, bila mtu katikati. Na kweli zilianza kuja, mbili tatu kwa wiki. Yule mama alikuwa akizisoma kadi herufi kwa herufi, hata za Kigiriki, akielezea umbo la asiyoijua: "kama kopo lililopinduliwa."

Nikadhani tumewashinda wale wa oda. Bado sijui kama kuna aliyemshinda mtu. Anwani ya zamani iliendelea kuuza maua kwa jina la baba mkwe, Kyria akalipaka gari rangi upya, na kikuba kikakaa ukurasa wa kwanza wa tovuti mpya, ambayo kwa miezi mingi haikutembelewa na mtu zaidi ya mimi, mpwa na ndugu zangu wa Mombasa, ambao hawanunui.

Msimu wa majani kudondoka tukasikia kwamba yule wa ng'ambo amesaini mkataba mpya na wale wa oda, miaka mitatu, tovuti imo ndani. Alipiga mwenyewe kutuambia, akiona aibu kidogo. Walimpunguzia bei, alisema, na yeye hana mpwa.

Kyria hakumlaumu. Alimuuliza tu anwani itasajiliwa kwa jina la nani, na kule upande wa pili pakawa kimya, kisha likasikika droo likifunguliwa na makaratasi yakipekuliwa.