Siku Moja Maishani Mwangu: Kuvu Inayonata Kama Mrenda

Saa 12:20 asubuhi. Nawahi maabara kabla foleni ya sentrifuji, mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi, haijaanza. Kwenye friji kuna mizizi ya chai kutoka Kericho, imefungwa kwa gazeti. Nikibandua gome, utando mweupe unajitokeza na harufu ya uyoga inanijia puani. Armillaria hiyo, kuvu inayoozesha mizizi. Mama mwenye shamba alituambia mchai ulipasuka shinani, ukakauka, kisha wa jirani ukafuata. Ndivyo inavyoenea huku kwetu: mara nyingi husubiri mzizi uguse mzizi.

Saa 1. Vipande naviosha kwa dawa na kuvipanda kwenye sahani za agari, jeli ya kuoteshea kuvu. Hivyo ni vya baadaye, kuvu hii haina haraka. Ya leo niliiotesha wiki tano zilizopita.

Saa 2:30. Kutoa DNA ya kuvu ili mashine iisome: hapa ndipo sehemu kubwa ya siku yangu huishia. Nasaga kuvu kwa naitrojeni kimiminika, naongeza klorofomu, nazungusha, natenganisha. Shida ni kwamba kuvu imejaa sukari za kunata, na DNA yake inavutika kama mrenda. Ncha za pipeti nazikata kwa mkasi ziwe pana, nyuzi ndefu zisikatike.

Saa 6. Napima usafi wa DNA kwa mwanga. Kipimo cha 260/280, kinachoonyesha protini, ni 1.8, safi. Cha 260/230, kinachoonyesha uchafu kama sukari, ni 0.9, na nilitaka karibu 2. Sukari bado zimo, na zikiingia kwenye mashine ya kusoma DNA zitaziba matundu madogo ambamo DNA hupita ikisomwa. Naanza kuosha upya. Daktari, msimamizi wangu, anachungulia mlangoni: "Umefika wapi?" Namjibu, "Nafua, Daktari."

Saa 8:15. Stima inapotea, sentrifuji inasimama katikati. Narudia.

Saa 10. Kipimo cha 260/230 sasa ni 1.9! Naunganisha vipande vya kuelekeza DNA kwenye matundu, na saa 11:40 napakia. Kifaa chenyewe kinatosha kiganjani na kinachomekwa kwenye laptopu. Wageni hukipiga picha. Beseni langu la barafu hakuna anayelijali.

Herufi za DNA zinapoanza kumiminika nafungua jenomu, yaani DNA yote, ya Armillaria fuscipes kutoka Afrika Kusini, iliyotolewa mwaka 2016, zaidi ya herufi milioni 50. Tutalinganisha. Vitabu vya zamani viliita kila kitu Armillaria mellea, ilhali Afrika ina aina zake. Wakulima wa zamani wa chai hawakungoja jina: kabla ya kukata miti ya msitu walibandua gome kuzunguka shina, wanga ukaisha mizizini na kuvu ikakosa chakula. Hadi leo navutiwa na akili hiyo kuliko mashine yangu.

Saa 1:10 usiku. Niko kwenye matatu. Yule mama ananiandikia: aking'oa kisiki, apande mchai mwingine papo hapo? Namjibu: "Hapana Mama, bado. Toa kwanza mizizi yote, hata ile nyembamba."