Podikasti za uhalifu wa kweli: uanzie wapi

Ukiuliza uanze na ipi, wengi watakutuma kwa podikasti ya Serial. Mimi nasema isubiri. Msimu wake wa kwanza, wa 2014, una vipindi 12 vilivyosukwa kwa ustadi, ila unakuacha njia panda: kesi ya Adnan Syed, aliyehukumiwa kwa mauaji ya mpenzi wake wa zamani, iliendelea kupanda na kushuka mahakamani hadi 2025, kwa hiyo ukimaliza bado una kazi ya kutafuta habari.

Anza na In the Dark, msimu wa pili. Curtis Flowers alisimamishwa kizimbani mara sita, na mwendesha mashtaka yule yule, kwa mauaji ya watu wanne ya 1996 huko Winona, Mississippi. Sita! Waandishi hawakuishia kuhoji majirani. Walipekua rekodi za miaka 26 na kuonyesha kuwa ofisi ya mashtaka iliwaondoa Weusi kwenye juri (jopo la raia wanaoamua kesi) karibu mara nne na nusu zaidi ya Wazungu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu 2019, mashtaka yakaondolewa 2020.

Kosa la kawaida: programu nyingi huweka kipindi kipya juu. Panga kuanzia cha zamani, la sivyo utasikia mwisho kabla ya mauaji yenyewe. Pakua kwa Wi-Fi, maana sauti ya kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti) hula karibu MB 1 kwa dakika. Na usipandishe kasi ya kusikiliza zaidi ya mara 1.2, majina yatakupita.